Kwa mzazi aliyeuliza kuhusu kathaki na tabla: waanze kwa mdomo, na wakae chumba kimoja

Dada yetu wa Mombasa ameuliza swali ambalo nimekuwa nikilitamani kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba aniwie radhi nikimjibu kwa urefu. Ameeleza kwamba binti yake wa miaka 7 anajifunza kathaki, ngoma ya kuchezwa ya kaskazini mwa India, na mwanawe wa kiume wa miaka 9 anajifunza tabla, jozi ya ngoma za India zinazopigwa kwa mikono, kila mmoja kwa mwalimu wake na kwa siku yake. Kwamba wiki 6 zimepita na sasa binti analalamikia miguu, huku mvulana akisema amechoka kurudia sauti zilezile. Na kwamba anajiuliza kama awanunulie njuga na tabla zao wenyewe ili wapate hamu, au awaachishe kwanza mpaka wakue. Ushauri wangu ni kwamba asinunue chochote kwa sasa, asiwaachishe, na walimu wao wakiridhia, awakutanishe watoto hao katika chumba kimoja walau mara moja kwa wiki.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilikwenda India kusoma, nikaishi Vadodara katika jimbo la Gujarat kwa miaka 7, na tabla nilijifunzia huko nikiwa tayari mtu mzima, jambo lililonilazimu kuipita kwa akili kila hatua ambayo mtoto huipita bila kujua. Vadodara ni mji uliozoea kufundisha sanaa hizi darasani: Maharaja Sayajirao Gaekwad wa Tatu alifungua huko shule ya muziki mwaka 1886 chini ya mwanamuziki Maula Bakhsh, na shule hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kitivo cha sanaa za maonyesho cha chuo kikuu cha mji huo, ambako tabla, kathaki na bharatanatyamu, ngoma ya kuchezwa ya kusini mwa India, hufundishwa hadi leo. Katika miaka yangu 4 ya mwisho nilikuwa nikipiga tabla kwenye darasa la watoto la kathaki la mtaani kwetu, na baadaye nikakabidhiwa watoto wangu mwenyewe wa tabla. Sasa niko Dar es Salaam, na kila Jumamosi nafundisha watoto wachache.

Naomba nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi. Katika mwaka wangu wa pili wa kupiga darasani kulikuwa na binti wa miaka 8 ambaye miguu yake ilikuwa safi kuliko ya wenzake wote. Zoezi la msingi la miguu, “ta thei thei tat, aa thei thei tat”, alilikanyaga kwa mwendo wa taratibu, kisha maradufu, kisha mara nne, bila kutetereka. Siku ya Guru Purnima, sikukuu ya mwezi mpevu ambapo wanafunzi huwashukuru walimu wao, nilipandisha mwendo kidogo kuliko tulivyozoea, kwa kuwa wazazi walikuwa wamekaa mbele nami nilitaka wafurahi. Binti akapoteza samu, yaani pigo la kwanza la mzunguko, mahali ambapo mchezaji na mpigaji wanapaswa kurudi pamoja kila mara, na hakuweza kuipata tena. Alisimama katikati ya sakafu akalia mbele ya watu. Siku ya pili mwalimu wake wa ngoma alimkalisha chini, akamwomba kwa upole atamke kwa mdomo kile alichokuwa akicheza, huku akipiga makofi ya mzunguko kwa mikono. Hakuweza kufika mwisho wa mstari hata mmoja. Miguu ilikuwa imekariri, lakini yeye mwenyewe hakujua alikuwa wapi ndani ya mzunguko, na mimi niliyekuwa nikimpigia kila wiki kwa mwaka mzima sikuwahi kumuuliza.

Tangu siku hiyo sijamfundisha mtoto yeyote mkono au mguu kabla ya kumfundisha mdomo.

Katika muziki wa India kila pigo la ngoma lina jina, na jina hilo hufanana na sauti yake. Ngoma ya kulia ya tabla, ndogo na ya mti, ikipigwa ukingoni kwa kidole cha shahada hutoa “na”. Ya kushoto, pana zaidi na mara nyingi ya shaba, hutoa “ge”, sauti nene ambayo kifundo cha mkono huweza kuipandisha na kuishusha kwa kuikandamiza ngozi. Zikipigwa hizo mbili kwa pamoja hutokea “dha”. Ukiunganisha “tin” ya kulia na “ge” ya kushoto unapata “dhin”. Majina haya huitwa boli, kutokana na kitenzi cha Kihindi chenye maana ya kusema, na mtoto anayeyatamka vizuri huwa ameshapiga ngoma kabla ya kuigusa. Mzunguko unaofundishwa kwanza karibu kila mahali kaskazini mwa India ni tintali, wenye mapigo 16 katika mafungu 4 ya manne manne, nao husemwa hivi: “dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha”. Kofi hupigwa kwenye pigo la 1, la 5 na la 13; kwenye pigo la 9 hakuna kofi, mkono hugeuzwa tu kiganja juu, na mahali hapo huitwa khali, yaani patupu.

Hapo kwenye khali ndipo ninapokaa na watoto kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Ukisikiliza vizuri utaona kwamba mkono unageuka kwenye pigo la 9, lakini sauti nene ya ngoma ya kushoto huondoka kwenye pigo la 10, na hurudi kwenye pigo la 14, baada ya kofi la 13 kuwa limeshapigwa. Yaani jicho huambiwa jambo moja na sikio huambiwa jingine, pigo moja baadaye. Mtu mzima huchanganyikiwa hapo. Mtoto wa miaka 6 au 7, akipewa nafasi ya kusikiliza bila kuharakishwa, hulipokea jambo hili kama fumbo analofurahia kulifumbua. Huwaambia wafumbe macho, nipige mzunguko mara kumi au kumi na tano, na wao wainue mkono pale tu sauti nene inapotoweka na waushushe inaporudi. Hawahesabu chochote. Baada ya wiki mbili hivi karibu wote huinua mkono mahali pamoja, na kuanzia hapo huwa na dira ambayo mwendo wa kasi hauwezi kuwapokonya.

Hesabu huja baadaye, nayo hukaa kwenye vidole. Kila kidole, ukiacha gumba, kina pingili 3 na ncha yake, hivyo vidole 4 vinatoa vituo 16, na gumba hutembea juu yake: kidole kimoja ni fungu moja la tintali. Wazee wetu wa pwani wanaohesabu tasbihi kwa pingili za vidole wangeuelewa utaratibu huu mara moja, na watoto wangu wa hapa Dar es Salaam waliomwona bibi akifanya hivyo baada ya sala huupata siku hiyohiyo. Kisha huchora duara la chaki sakafuni lenye vituo 16, nikaweka jiwe kwenye samu, na mtoto hutembea kituo kimoja kwa kila boli huku akitamka. Akifika kwenye jiwe na neno lisilo “dha” anajua mwenyewe kwamba ameruka mahali, na sihitaji kumkemea.

Kwa mizunguko mingine hutumia maneno wanayoyajua. Huko India Kusini walimu wana silabi zao za kazi hii, “ta ki ta” kwa tatu na “ta ka di mi” kwa nne. Mimi watoto wangu nawapa matunda. Mzunguko wa jhaptali una mapigo 10 yaliyogawanywa 2, 3, 2, 3, nao hutamkwa “embe nanasi, embe nanasi”. Rupaki una mapigo 7, yaani 3, 2, 2, nao huwa “nanasi, embe, embe”. Lakini anayetaka kujaribu njia hii ajihadhari na jambo moja: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mtoto husema “naNAsi” na kuusukuma uzito kwenye pigo ambalo si lake. Inabidi kumzoesha kuzisawazisha silabi zote, au kuweka kofi kwenye “na” ya kwanza kwa nguvu mpaka azoee. Na matunda yakae wiki mbili au tatu tu, kwa sababu embe haimwambii mkono upige wapi, ilhali “dha” humwambia.

Sasa nije kwenye ushauri wa kuwaweka pamoja, ambao najua baadhi ya walimu hawaupendi. Mchezaji wa kathaki hufundishwa kutamka boli za kila kipande kabla ya kukicheza, huku mkono ukionyesha makofi na khali. Desturi hiyo huitwa padhanti, na jukwaani utamwona mchezaji akisimama mbele ya kipaza sauti, akatamka kipande kizima, mpiga tabla akimsikiliza, kisha wote wawili wakakitoa kwa miguu na kwa mikono. Hii ina maana kwamba mchezaji na mpigaji wana lugha moja iliyogawanywa katika viungo viwili vya mwili. Pandit Birju Maharaj wa Lucknow, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki Januari 2022, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mchezaji mkuu wa kathaki wa zama zetu, alikuwa pia mpiga ngoma na mwimbaji, na uwezo huo ulisikika katika miguu yake. Kwa upande wa tabla, mikondo ya miji ya Lucknow na Banaras ilikua karibu na kathaki, na ndiyo maana upigaji wake ni wa kiganja kilichofunguka na sauti zinazovuma, tofauti na mkondo wa Delhi unaotegemea zaidi vidole. Waliolelewa katika familia za mikondo hiyo hawakufundishwa tabla Jumanne na ngoma Alhamisi. Mtoto alilala usingizi huku mjomba anapiga na dada anacheza.

Katika chumba kimoja, darasa langu huenda hivi. Binti hutamka, mvulana hupiga makofi ya mzunguko. Kisha mvulana hutamka, binti hukanyaga. Kisha wanabadilishana kabisa: mvulana anasimama na kukanyaga “ta thei thei tat” bila njuga, binti anakaa na kupiga theka, yaani mstari ule wa msingi wa mzunguko, kwa viganja juu ya mapaja yake. Kubadilishana huko silegezi kamwe, hata mvulana akiona haya siku ya kwanza. Mvulana aliyekuwa akichoshwa na kurudia “dha dhin dhin dha” mara mia moja peke yake ukutani hugundua kwamba kurudia kwake ndiyo sakafu anayosimamia dada yake. Akiondoa pigo moja, dada anayumba mbele ya macho yake. Sijapata maneno ya kumshawishi mtoto arudie zoezi ambayo yana nguvu kuliko hilo.

Walimu wanaopinga wana hoja, nami naiheshimu. Wanasema mtoto anayecheza humfuata mpigaji, mpigaji naye humfuata mchezaji, na kwa kuwa wote ni wadogo mwendo hupanda bila mtu kujua mpaka wanakimbia. Ni kweli kabisa, nimeliona mara nyingi. Dawa yake ni lehra, mahadhi mafupi ya mapigo 16 yanayorudiwa bila kubadilika, ambayo huko India hupigwa kwa harmonia, kinanda kidogo cha mkono, au sarangi, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, ili kushikilia mzunguko mchezaji na mpigaji wanapofanya yao. Siku hizi kuna programu za simu zinazotoa lehra kwa mwendo unaouchagua, na mwendo huo haupandi hata watoto wafurahi kiasi gani. Weka simu katikati ya chumba, wote wawili waisikilize, na lawama ya nani alikimbia haitakuwepo tena.

Kilele cha kazi hii yote kwa watoto ni tihai, yaani msemo unaorudiwa mara tatu kwa hesabu ambayo neno la mwisho linaangukia juu ya samu. Ya kwanza ninayowapa ni fupi: “tat tat thei”, mapigo matatu, ianze kwenye khali. Mara ya kwanza inachukua pigo la 9, la 10 na la 11. Mara ya pili la 12, la 13 na la 14. Mara ya tatu la 15 na la 16, na “thei” ya mwisho inatua kwenye samu ya mzunguko unaofuata. Ya pili ni ndefu kidogo na huanza kwenye samu yenyewe: “ta thei thei tat thei”, kisha pigo moja la kunyamaza, tena, kunyamaza, tena. Mapigo 5 mara 3 ni 15, ukiongeza ya kunyamaza 2 unapata 17, na la 17 ndilo la 1 la mzunguko mpya. Mtoto anayechukia hesabu ya shuleni atakaa nusu saa akitafuta tihai yake mwenyewe kwa vijiti vya kiberiti, kwa sababu ataisikia kwa mwili mzima ikitua. Nawakumbuka binamu wawili wa Vadodara, mmoja wa miaka 9 kwenye tabla na mwingine wa miaka 7 mwenye njuga, walioangusha tihai yao ya kwanza kwa pamoja mchana wa Jumapili. Walinyamaza wote wawili kwa kama sekunde mbili, wakatazamana, kisha wakaanza tena bila kuambiwa na mtu, wakarudia mpaka mama zao walipokuja kuwachukua.

Ikiwa binti ataona baadaye kwamba anaipenda zaidi bharatanatyamu ya kusini, msingi huu hautapotea. Huko nako mwalimu huketi na kijiti akigonga kipande cha ubao na kutamka silabi, mtoto hukanyaga hatua zake za msingi juu ya silabi hizo, na mridangamu, ngoma ya pande mbili inayochongwa kwa mti wa mfenesi, husema lugha inayofanana. Vadodara nilikuwa nikisikia zote mbili kutoka madirisha jirani. Bharatanatyamu ilifika huko mapema, kwa kuwa mke wa kwanza wa Maharaja Sayajirao alitoka Tanjore, kusini mwa India, na wacheza ngoma wa huko wakaja kuishi kwenye jumba la kifalme la Vadodara.

Juu ya miguu inayouma, naomba dada alichukulie jambo hili kwa uzito leo hii, asisubiri. Kathaki hukanyaga kwa unyayo mzima na kwa kisigino, tena mamia ya mara katika somo moja, na sakafu ya saruji yenye vigae hairudishi chochote. Nguvu yote hupanda kwenye muundi na goti. Nilimpoteza mwanafunzi mmoja hapa Dar es Salaam kwa sababu nilikubali kufundishia kwenye ukumbi wa vigae kwa miezi mitatu, na mama yake alikuwa na haki ya kumwondoa. Tafuteni sakafu ya mbao. Ikikosekana, mbao nene zilizowekwa juu ya zulia zuri zinasaidia sana. Mtoto akanyage kwa kuachia mguu uanguke, magoti yakiwa yamelegea kidogo, asiukung'ute chini kwa hasira. Na maumivu ya upande wa mbele wa muundi yanayobaki mpaka kesho yake ni ya kumpumzisha, hata kama kuna onyesho wiki hiyo. Kwa wanaokwenda bharatanatyamu, ule mkao wa nusu kuchutama uliofunguka magoti nje ugeuzwe kutoka kwenye nyonga. Mtoto anayelazimishwa kufungua nyayo zaidi ya nyonga zake hulipia kwa magoti.

Njuga zingoje. Binti wa miaka 7 asiyejua bado kukanyaga “tat” na “thei” kwa usawa akivishwa njuga hupata kelele inayoficha makosa yake, naye huanza kucheza kwa ajili ya kelele hiyo. Mimi huwaacha miguu mitupu kwa mwaka mzima, kisha huanza na njuga 25 kwa kila mguu, zilizofungwa moja moja kwa fundo kwenye kamba nene ya pamba, nikiongeza kadiri mguu unavyokomaa. Watu wazima huvaa 100 na zaidi kwa mguu mmoja, na huo ni mzigo wa kweli.

Kuhusu umri, miaka 5 au 6 inatosha kwa mdomo na makofi, na miaka 7 kwa miguu. Mikono ya tabla mimi napenda isubiri mpaka 8 au 9, kwa sababu mkono wa kushoto unapaswa kulaza kifundo juu ya ngozi na kuinua vidole, na kifundo kidogo mno huchoka kikakakamaa, kisha ukakamavu huo ukawa tabia ya mkono. Nyumbani dakika 15 kila siku zinatosha. Saa nzima ya Jumapili peke yake haifidii siku sita za kimya.

Mwenzetu mmoja alichangia kwamba mtoto asiyezaliwa katika nyumba ya Kihindi hataweza kuyashika mapigo haya. Siwezi kukubaliana naye. Watoto wa Vadodara huja darasani na garba, ngoma ya duara ya sikukuu ya Navratri, mwilini, kwa kuwa wamepiga makofi kwa usiku tisa kila mwaka tangu walipobebwa begani. Wa kwetu huja na ukuti ukuti, na mdundo wa harusi za mtaani. Hakuna mtoto aliyenijia mtupu. Na nikiwa huko nilikwenda mara kadhaa Ratanpur, katika wilaya ya Bharuch, kwenye kaburi la walii Bava Gor, ambako wanaishi Wasidi, watu wa Gujarat wenye asili ya Afrika. Ngoma yao wanaiita dhamali, na pia goma, neno ambalo mtu wa Tanga hahitaji kutafsiriwa. Niliwaona watoto wa miaka 4 wakishika mdundo katikati ya watu wazima bila mtu yeyote kuwatamkia silabi, na nilipowauliza wazee walijifunza lini, hawakulielewa swali langu. Sikio la mtoto hushika kile kinachomzunguka mara nyingi, na hilo ndilo ninalojaribu kuliiga kila Jumamosi kwa saa moja niliyo nayo.

Kuna jambo ambalo dada hakuliuliza hadharani, lakini wazazi Waislamu na Wakristo huniuliza kila mwaka, nami napenda kulijibu kwa uwazi. Somo la ngoma huanza na kumalizika kwa mchezaji kuigusa ardhi na kuunganisha viganja, na maana inayofundishwa ni kuiomba ardhi radhi kwa kuikanyaga na kumheshimu mwalimu. Nyimbo na hadithi nyingi zinazochezwa ni za Krishna na miungu mingine ya Kihindu, na mzazi anapaswa kujua hivyo mapema. Vilevile ajue kwamba kathaki ilistawi sana katika kasri la Wajid Ali Shah, mtawala Mwislamu wa Awadh, ufalme wa kaskazini mwa India, aliyeng'olewa na Waingereza mwaka 1856; kwamba miongoni mwa vipande vyake kuna salamu ya kasrini ambayo mpaka leo huitwa salami; na kwamba mabingwa wakubwa wa tabla kama Ahmed Jan Thirakwa, Alla Rakha na mwanawe Zakir Hussain, aliyefariki Desemba 2024, walikuwa Waislamu. Hata neno kaida, ambalo wapiga tabla hulitumia kwa utungo wa msingi wenye kanuni zake za kubadilishwa, ni lilelile la Kiarabu tulilo nalo sisi. Mwalimu mwungwana ataelewana na mzazi juu ya vipande gani mtoto acheze, na mwaka wa kwanza, ambao wote ni boli na miguu, hauna haja ya mjadala huo.

Wapo pia waliotaja vyeti. Mitihani ya bodi ya Gandharva Mahavidyalaya, inayotahini muziki na ngoma za India, huanza na ngazi iitwayo Prarambhik, na tangu ngazi za chini mtahini humtaka mtoto atamke theka kwa mwendo wa kawaida na wa maradufu huku akionyesha makofi kwa mkono. Wazazi wanaokimbilia vyeti kwa kukaririsha mikono na miguu hukwama hapohapo.

Kwa hiyo, dada, wiki hii waombe walimu wote wawili jambo moja tu: kila somo lianze kwa dakika 10 za kutamka na kupiga makofi, na nyumbani watoto wafanye hivyo pamoja mbele yako, kila mmoja akimshikia mwenzake mzunguko. Usisahihishe, wasikilize tu. Tabla usinunue mpaka mvulana aweze kutamka tintali kwa mwendo wa kawaida, akaingia maradufu na kurudi bila kupoteza samu, huku dada yake anatembea juu ya duara. Hapo niandikie, maana hewa ya Mombasa ni kama ya Tanga, ina unyevu unaolegeza ngozi na kulibandua lile doa jeusi la katikati linalotengenezwa kwa unga wa chuma na uji, na kuna namna ya kuchagua ngoma ya kulia isiyo pana sana, ya inchi 5 hivi, pamoja na namna ya kuifunika isiharibike kabla mkono wake haujakomaa.